Chale za Mama na Watu wa Kibombo

Mama alikata roho asubuhi, king'ora cha karakana ya reli kilipokuwa kimeshalia na wanaume wa mtaa wetu wameshakwenda kazini. Nilikuwa nimekaa kando ya mkeka wake nikimpepea kwa kipepeo cha ukili, na nikaendelea kumpepea baada ya pumzi kuisha, kwa sababu hakuna aliyeniambia niache. Jirani yetu ndiye aliyenishika mkono. Baadaye watu walisema nimeshtuka, wengine wakasema nina roho ngumu. Sikuwa na hili wala lile. Nilikufa ganzi, basi. Niliisikia sauti ya kila mtu, nikajibu kila nilichoulizwa, na chakula nikala.

Ilikuwa Kindu ya wakati wa vita vya Wazungu, wanaume walipokuwa wakirudishwa msituni kugema mpira na wanawake wakilimishwa mpunga kwa lazima. Mimi nilikuwa nimeolewa karibu na nyumbani, na kwa kuwa ndiye binti pekee aliyebaki hai, waosha maiti waliniita ndani. Walitaka nishike maji tu. Lakini nilivyokuwa sitetemeki wala silii, mkubwa wao alinipa kitambaa akaniambia nioshe tumbo na miguu.

Kwa hiyo ninachokisema juu ya tumbo la mama nilikiona. Mama alikuwa amechanjwa chale tangu utotoni. Vilikuwa vijivimbe vidogo vilivyokizunguka kitovu, vimepangwa kwa mkono wa mtu aliyejua kazi, kama mbegu za ufuta. Chini yake palitoka mstari mmoja uliopinda kwenda ubavu wa kushoto. Mama alikuwa mngwana kwa malezi, wa desturi za pwani, mtu wa blauzi na kanga mbili, na watu wengi wa Kindu hawakuwahi hata kujua kwamba ana chale. Nilizipitishia kitambaa, nikasonga mbele kwenye miguu.

Alizikwa siku hiyohiyo kwa sheria ya dini. Baba alikuwa Mwislamu, mtu wa sala zote. Lakini kuna mambo ambayo dini iliyakuta hapa kwetu ikayapisha njia. Mke akifa, mume hukaa mkekani. Hanyoi, hapeani mkono na mtu, na zaidi ya yote hagusi moto, mpaka watu wa ukoo wa mke waje. Wakija husimama kaburini, wakamwita marehemu kwa jina la mama yake na bibi yake, ili wa huko wajue ni mtu wao na wampokee. Kisha humwaga maji kichwani mwa mume na kumnyoa, wakamwambia, haya, tumekufungua. Bila hivyo mume anabaki amefungwa na maiti. Na baba kazi yake ilikuwa moto. Alikuwa mtu wa tanuru pale karakana, yeye ndiye aliyepasha vyuma. Mzungu wake alimpa ruhusa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo, alisema, tanuru itapata mtu mwingine. Mzungu hakujua habari ya mkeka, na angejua asingejali.

Hatukuwa na wasiwasi. Watu wa mama walikuwa Kibombo, kituo cha reli kusini kwetu, na kila mtu alilijua hilo. Dereva wa treni alichukua habari, wakaja: mama mkubwa, yaani dada wa mama, na mjomba. Huyu mama mkubwa nilimjua tangu nikiwa mchanga. Kila mavuno alituletea mchele kwa treni. Nikiwa mtoto nililala mkekani kwake, nikachapwa kwa fimbo yake, na meno yangu ya kwanza kung'oka aliyatupa yeye juu ya paa la nyumba yake. Alishuka kituoni akilia kwa sauti kubwa, akalia njia nzima hadi nyumbani. Nilimtazama nikatamani kuazima kilio chake.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kaburini. Alasiri ile ile waliyofika, watu wakiwa uani, mama mkubwa alinivuta nyuma ya jiko.

"Nani alimuosha?" akaniuliza.

"Ni miye, pamoja na wamama wa mutaa."

"Uliona tumbo yake?"

"Niliona."

"Usiniambie na mudomo." Alichota jivu la jikoni akalimwaga chini, akalisawazisha kwa kiganja. "Chora hapa. Vile uliona, hivyo hivyo."

Nikachora. Watu wameniuliza tangu hapo kwa nini sikuhisi mtego, mimi mtu mzima. Sikufikiri lolote. Mtu aliyekufa ganzi hadanganyi, kudanganya kunataka nguvu. Nilitia vijivimbe vyote kwa ncha ya kidole, nikavuta mstari hadi kushoto.

Mama mkubwa alichuchumaa mbele ya lile jivu. Alikaa pale mpaka nikadhani miguu inamuuma.

"Hizi haziko zetu," akasema.

"Labda nimekosea."

"Umekosea?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa. Kisha akanieleza, bila kunitazama, kwamba wakati wa watu wa bunduki, wale wateka watumwa, walichukuliwa watoto wengi kijijini kwao, na mdogo wake alikuwa mmoja wao, mtoto ambaye chale zake zilikuwa bado mbichi. Baada ya miaka mingi alitokea kijana wa reli akisema amempata na anataka kumuoa. Walimpokea yule mwanamke, wakalia, wakachinja.

"Kila mwaka alikuwa anakuja kwangu," akasema. "Alikuwa anaoga nyuma ya nyumba. Miye mwenyewe nilikuwa namupelekea maji, naweka ku mulango, naenda. Niliweza kuangalia. Sikuangalia."

"Sababu gani?"

"Sababu niliogopa kuona."

"Na sasa?"

"Sasa wanataka nisimame pa kaburi nimuite mutoto wa mama yangu. Mama yangu ataniuliza: huyu njo nani unaniletea? Nitamujibu nini? Mutu anaweza kudanganya wazima, mwanangu. Wale wa kule, hapana."

Aliniita mwanangu kwa mazoea, kisha akanyamaza kama aliyeshika kitu cha mwenyewe bila kuomba. Nami sikujua nimwiteje. Nilimwita mama mukubwa maisha yangu yote.

Waliondoka kwa treni iliyofuata, bila kumfungua baba. Mjomba alikuwa mkali, alimwita baba mwongo mbele ya watu, akataka kurudi na ule mchele walioleta. Mama mkubwa akamwambia auache. Baba alibaki mkekani ameinamisha kichwa, hakujitetea hata kwa neno. Uani minong'ono ikaanza, na mimi nikaenda kuosha vyombo.

Sasa niseme nilivyo, maana bila hivyo hamtaelewa niliyoyafanya baadaye. Mimi ni mtu wa kuuliza. Baba alinisomesha chuo cha Kurani kabla ya wenzangu, na huko mwalimu alituzoesha kwamba habari haina thamani mpaka ujue imetoka kwa nani, naye kaipata kwa nani, hadi kwa yule aliyekuwapo. Wenzangu waliyaacha yale pale pale mlangoni pa chuo. Mimi niliyabeba, na mume wangu atawaambia yalivyomkera. Wanasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mimi nasema lisemwalo limesemwa tu.

Basi nilianza na jirani yetu, yule aliyenishika mkono, rafiki wa mama wa siku zote.

"Mama alitoka wapi?"

"Kibombo. Kila mutu anajua."

"Weye uliambiwa na nani?"

Akafikiri. "Na mama wa duka la chumvi."

Mama wa duka la chumvi aliambiwa na marehemu mumewe. Mumewe alifanya kazi na baba. Mwalimu wa dini aliyewafungisha ndoa baba na mama alikuwa angali hai, macho yamekwisha lakini akili ipo, naye akaniapia kwamba mama ni wa Kibombo, damu safi, na kwamba alilijua hilo kwa hakika. Nani alikwambia, mwalimu? Baba yako, mwanangu, nani mwingine? Nikazunguka mtaa mzima hivyo. Kila mmoja alikuwa shahidi, kila mmoja tayari kuapa, na wote walikuwa wamechota kisima kimoja. Nilirudi nyumbani jioni nikiwa na mashahidi wengi na shahidi mmoja.

Nilimkuta baba amelala ubavu juu ya mkeka wake. Ndevu zilikuwa zimeanza kumzeesha. Nilikaa mbali kidogo, kama desturi inavyotaka, nikamuuliza kwa adabu kadiri nilivyoweza.

"Baba, weye ulisikia kwa nani kama mama iko wa Kibombo?"

Alijiinua akaketi. Kisha akasema, "Sikusikia kwa mutu."

Alinieleza taratibu, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba mzee huyu alikuwa amechoka kubeba. Mama alilelewa ng'ambo ya mto, katika boma la mngwana mmoja mfanya biashara. Aliletwa hapo mdogo sana, hajui kwao, hajui hata lugha ya kwao. Mwenye boma alikuwa ameshakufa baba alipompenda. Ndugu zake baba walikataa. Mwanamke asiye na wenyewe, walisema, ukimpiga atakimbilia kwa nani? Mkigombana nani atawasuluhisha? Watoto wako watakuwa na wajomba gani? Akifa nani atamwita? Walimwambia huyo ni wa kukaa naye tu, wa kuoa siye.

"Miye sikutaka kukaa naye tu," baba akasema.

Wakati ule alikuwa kijana, mtia kuni wa garimoshi, anapanda na kushuka na njia ya reli. Akaanza kuuliza kila kituo waliposimama kupakia kuni: hapa kuna watu waliopotelewa na binti wakati wa bunduki? Vituo vingi walikuwapo. Kibombo ndiko alikopata waliopotelewa na mtoto wa umri ule, mweusi wa rangi ile, mwenye kicheko kile. Kicheko, alisema, ndicho kilichowashinda. Dada mtu alipomsikia mama akicheka mara ya kwanza alianguka chini.

"Uliwauliza habari ya chale?"

"Hapana."

"Na weye ulikuwa unazijua."

"Nilikuwa nazijua." Akageuka kidogo. "Niliogopa watasema hapana."

"Na mama? Yeye aliamini?"

"Mama yako hakuniuliza hata siku moja. Sijue aliamini ao alinihurumia."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya baba ilikuwa imekwenda Kibombo na kurudi mavuno hata mavuno, ikiwa na mchele ndani yake, na harusi, na tohara za kaka zangu waliokufa, na fimbo niliyochapwa. Nilitaka kumkasirikia. Hasira nayo haikuja. Nilimwekea maji ya kunywa mahali ambapo angeyafikia bila kunigusa, nikaenda zangu.

Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Watu wa mtaani walishauri tutafute mzee yeyote, apewe kuku, amfungue baba. Baba mwenyewe alikataa. Alisema ameshampa mkewe ukoo wa kubuni mara moja, hatampa mara ya pili na maiti anasikia.

Ikabidi nitafute mimi, na kitu pekee nilichokuwa nacho ni chale. Mwenye chale alikuwa amezikwa, lakini mtu aliyemchanja hakuchora ovyo, alichora cha kwao. Nikaenda sokoni, maana soko la Kindu hukusanya watu wa kila upande. Walikuwapo wa Pangi na Kabambare, wa Punia waliokuja na mafuta ya mawese, mpaka wa huko nyuma ya misitu. Nilibeba ungo wenye unga wa muhogo kama mwuzaji, na kila nilipopata mama mtu mzima nilichora kwenye unga nikamuuliza kama anazijua.

Mwanamke wa kwanza, muuza mafuta kutoka Punia, alizijua papo hapo. "Hizi njo zetu! Zetu kabisa! Mama yako iko ndugu yetu, masikini!" Akaniita mtoto wa dada yake, akaanza kunililia begani. Nilipaswa kufurahi. Lakini sikuwa na furaha ya kunizuia nisiangalie, na nikajikuta najiuliza moyoni: je, kama ningechora kingine?

Nikafuta unga. Nikachora tena, mstari sasa nikiupindisha kwenda kulia, na vijivimbe nikiviacha nusu duara. "Samahani, nilisahau," nikamwambia. "Ilikuwa hivi."

"Eee, njo hizi!" akasema, akilia bado. "Zetu kabisa!"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwema kupita kiasi, aliona mtoto wa kike amefiwa akataka kumpa anachotafuta. Nilinunua mafuta yake nikamshukuru. Lakini nilijua kosa ni langu, nilikuwa nimempa jibu kabla ya swali. Mama mkubwa wa Kibombo, kwa uchungu wake wote, alikuwa na akili kuliko mimi. Yeye alificha zake akanitaka nichore nilizoziona.

Tangu hapo sikuchora tena. Ungo niliubeba na unga wake bila kuchora kitu, nikawa nauliza: kwenu mnawachanja vipi wasichana? Nichoree. Wengine walicheka, wengine walinifukuza, kwani ni swali gani la kumuuliza mtu mzima sokoni? Waliochora, walichora vya kwao. Niliona michoro ya kila namna, mizuri mingine. Ya mama sikuiona.

Mwishoni kabisa mwa soko, upande wa mtoni, alikaa mama mmoja muuza majani ya kufungia muhogo. Alikuwa mtu wa Obokote, mbali huko upande wa Lubutu, amemfuata mwanawe aliyepata kazi bandarini. Mama mfupi, mkavu, asiye na salamu nyingi. Nilimuuliza kama nilivyowauliza wengine.

"Miye sitachora," akasema. "Vitu vya mwili havichorwake ku unga."

Nikainuka niende zangu.

"Lakini unatafuta sababu gani?"

Nikamwambia mama yangu amefariki na hatujui kwao, na baba yuko mkekani. Sikumwambia zaidi. Hakusema pole. Alimwomba jirani yake aangalie majani, akaniongoza nyuma ya kibanda, akageuka kuwapa watu mgongo, akalegeza nguo.

Zilikuwa zimepanuka kwa uzazi na uzee, lakini zilikuwa zile zile. Mbegu zimekizunguka kitovu, kisha mstari umepinda kwenda kushoto. Nilinyoosha kidole nikaufuata ule mstari hadi ubavuni bila kumwomba ruhusa, na yeye aliniacha. Ngozi yake ilikuwa na joto. Nakumbuka nilishangazwa na hilo, kwamba chale hizo zinaweza kuwa na joto.

"Njo hizi?" akauliza.

"Njo hizi."

"Alikuwa mutoto wa nani?"

"Sijui, mama."

"Basi na miye sijue." Akafunga nguo yake vizuri. "Watu wa bunduki walibeba watoto mingi kwetu. Ku nyumba yetu walibeba, ku nyumba ya jirani walibeba. Siwezi kusema huyu alikuwa wetu wa nyumbani. Nikisema hivyo nitakuwa mwongo. Naweza kusema tu: alitoka kwetu."

Wote waliotangulia walikuwa wamenipa zaidi ya nilichoomba. Huyu alinipa pungufu, na huyu ndiye niliyemwamini. Nilimuuliza kama angekubali kuja kaburini. Alisema atakuja, ila jina la mama na la bibi hatalitaja, kwa sababu halijui, na hataki kuku wala nini.

Nilimtuma dereva wa treni apeleke habari Kibombo. Hakuna aliyenituma kufanya hivyo, na baba nilimficha. Niliona tu kwamba mtu aliyeniambia ukweli juu ya jivu anastahili kuambiwa ulikoishia.

Siku ilipofika, yule mama wa Obokote alikuja na mwanawe na kibuyu cha maji. Walisimama kaburini. Alisema kwa lugha yao, lugha ambayo mama yangu labda aliisikia akiwa mgongoni mwa mtu, na ambayo mimi sikuelewa hata neno moja. Baadaye mwanawe alinitafsiria. Alikuwa amesema: "Ninyi mliopotelewa na mtoto wa kike, yeyote kati yenu, huyu hapa. Mwangalieni wenyewe. Aliye wake amchukue." Ni hayo tu. Kisha tulirudi uani, akammwagia baba maji kichwani, mwanawe akamnyoa. Baba aliwasha moto wa jiko kwa mkono wake mwenyewe, watu wote wakitazama. Jumatatu alikuwa mbele ya tanuru yake.

Mimi nilitazama yote nikasema moyoni, basi, limekwisha. Nilingoja kuhisi kitu. Nilihisi njaa.

Ndipo nilipomwona mama mkubwa. Alikuwa amefika na treni ya asubuhi peke yake, na hakuingia uani. Alikaa nje penye kigogo cha kutwangia, kama watu waliokuja msibani kwa ujirani tu. Nilimpelekea chakula, akala kidogo. Aliniuliza kama watu wenyewe wamepatikana kweli, nikamwambia kijiji kimepatikana, nyumba haikupatikana. Alisema ni vizuri. Alisema mama yangu alikuwa mtu mwema na alipika mchele vibaya siku zote, na kwamba yeye atamlia mpaka afe, kwa kuwa machozi aliyoyatoa hawezi kuyarudisha machoni.

Halafu akaniambia, "Nimesikia wamama wa mutaa wanakuita sasa ukaoshe nao maiti."

"Wananiita. Wanasema miye silii."

"Njo muzuri." Akavuta mchanga mbele ya miguu yake, akausawazisha kwa kiganja. Alianza kuchora polepole. Mistari mifupi, imesimama, upande huu wa kitovu na upande huu, kama meno ya kitana. Mwishoni mwa upande mmoja aliacha pengo. "Hapa alilia sana, mama akamuhurumia, akaacha. Hawakumaliza."

Nikaelewa kwamba naangalia tumbo la mdogo wake. Miaka yote ile alidhani amempata, akaacha kumtafuta. Mimi ndiye niliyempotezea tena, kwa kidole changu, juu ya jivu.

"Labda iko hapa Kindu," akasema. "Labda iko ng'ambo, labda walimufikisha mbali, sijue. Atakuwa mwanamuke muzee kama miye. Siku utakuta hizi, usitume mutu aniite mbio. Unioshee yeye muzuri. Kisha umuambie ku sikio: tulikutafuta."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti mpaka baba akatoka uani na kichwa chake kilichonyolewa, akadhani nimeumwa na nyoka. Nilimlilia yule mtoto aliyechanjwa nusu, na mama yangu, na mama mkubwa, nikiwa sijui tena nani ni wa nani. Mama mkubwa alinishika mabega, hakuniambia ninyamaze.

Niliosha wanawake wa Kindu kwa miaka mingi, wa mtaa wetu na wa ng'ambo, mpaka Wazungu wakaondoka, mpaka wa rika lile wote wakaisha mjini. Kila mara niliangalia tumbo kwanza, kisha ndipo nikaanza kumwaga maji. Mama mkubwa alikufa Kibombo, nikaenda kumuosha. Neno lake ninalo bado. Sikupata wa kumwambia.